Waya wa Pili Kifuani mwa Ezekiel

Alhamisi, katikati ya Julai. Baridi ya kuuma vidole, manyunyu tangu alfajiri, na nguo nilizoanika jana bado ziko kwenye kamba zikidondosha maji.

Moyo wangu leo ni mwepesi, na wakati huo huo nina aibu. Sikujua kwamba hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja, lakini vimekaa tangu asubuhi na havigombani.

Nianze na aibu.

Mwezi Machi, siku tuliyomzika mume wangu Ezekiel nyumbani kwao Lugari, nilimgeukia mama yake kando ya kaburi nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe. "Ni mfungo wako, Mama. Vidonge vitatu." Maneno hayo hayo. Baada ya wiki mbili nikayaandika hapa kwenye blogu. Wengi mliniandikia pole. Wengine mlimtukana mama mzee ambaye hamjawahi kumwona, nami nilisoma matusi yenu, nikaona kama yananibembeleza, nikayaacha.

Tangu siku hiyo mama huyo hajakanyaga kanisani. Ameamini kwamba alimuua mtoto wake, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo.

Leo nimejua kwamba nilikosea.

Kwa anayeingia hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa kushona sare za shule, hapa Lucky Summer, Nairobi. Ezekiel alikuwa akiendesha mashine katika kiwanda cha blanketi upande wa Baba Dogo kwa miaka kumi na tisa. Tuna binti mmoja, Mercy, yuko kidato cha tatu. Yeye ndiye aliyenifungulia blogu hii baada ya mazishi, akasema, "Mum, andika. Unaongea sana na cherehani, na cherehani haikujibu." Mama yake Ezekiel sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya, kama wanavyoita kwao.

Ezekiel hakuwahi kuvuta sigara. Hilo liwe wazi, maana watu wakisikia saratani ya mapafu, swali la kwanza huwa ni hilo. Alikuwa na kikohozi kikavu ambacho tulikilaumu vumbi la blanketi, kisha baridi, kisha mto wake wa kulalia. Nilimshonea mto mwingine. Kikohozi kikabaki pale pale.

Mwezi Septemba mwaka jana walimchoma sindano ndefu ubavuni, wakatoa kipande kidogo cha uvimbe kupima. Daktari wetu ni dada mdogo kwa umri, anaongea polepole na anamtazama mtu usoni. Alituambia kwamba ndani ya seli za ule uvimbe kuna swichi iliyokwama ikiwa imewashwa, na kwa sababu hiyo seli zinaendelea kukua bila kusikia la mtu. Halafu akatabasamu. Alisema kuna vidonge vinavyoilenga swichi hiyo hiyo na kuizima, na kwa wagonjwa wengi wenye swichi ya aina hiyo, uvimbe hupungua ndani ya wiki chache. Kidonge kimoja kila siku, nyumbani. Hakuna kulazwa.

Tulitoka pale kama watu waliotoka harusini. Ezekiel alininunulia mahindi ya kuchoma, akanipa upande wenye punje zilizoiva vizuri, akala upande ulioungua. Ndivyo alivyokuwa siku zote, na siku zote alisema anapenda ulioungua.

Vidonge vilipoanza, uso wake ulijaa vipele. Muuguzi alitueleza kwamba vipele hivyo hutokana na dawa, na mara nyingi huwa dalili nzuri. Basi Ezekiel akavipenda. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akivihesabu kwa furaha. Kiwandani walimcheka: "Ezekiel, umebalehe tena? Tuitie wazazi!" Naye akawajibu kwamba mwaka ujao anaingia kidato cha kwanza, wamchangie sanduku.

Nilikuwa nampaka mafuta kwenye vipele hivyo kabla hajatoka kwenda kazini. Vidole vyangu bado vinakumbuka mahali vipele vilipokuwa, hasa vile viwili vya kando ya pua.

Sasa, mfungo.

Kanisa la Kukhu ni la kanzu nyeupe na ngoma, na mfungo wao si wa mchezo. Ni mfungo mkavu: siku tatu bila chakula na bila tone la maji. Katikati ya Novemba walitangaza mmoja kwa ajili ya wagonjwa. Ezekiel akaenda kukaa kwa mama yake, mtaa wa Mowlem, ili wafunge pamoja. Mimi nilibaki na sare za Januari ambazo zilikuwa hazijatiwa hata vifungo.

Alirudi Jumapili jioni, midomo imekauka, macho yanang'aa. Jumatatu asubuhi nilipofungua pakiti ya dawa nikaona vidonge vitatu ambavyo havikupaswa kuwepo.

Bila maji hakuna kumeza. Siku tatu, vidonge vitatu.

Sikusema kitu siku ile. Mwanzo wa Desemba alipigwa skani ya kwanza tangu aanze dawa, na daktari hakutabasamu. Uvimbe haukuwa umepungua hata kidogo. Ulikuwa umekua, na kulikuwa na madoa mapya kwenye ini. Vidonge havikuwa vimefanya kazi. Wakambadilishia, wakampa dawa ya mshipani, akadhoofika, na mwezi Machi akatuacha.

Nami nikafanya hesabu yangu. Dawa inaponya wengi. Mume wangu haikumponya. Kati ya wengi hao na mume wangu kulikuwa na siku tatu za mfungo. Kwa hiyo.

Hiyo "kwa hiyo" ndiyo niliyoibeba hadi kaburini Lugari.

Jumanne wiki hii, nikiwa na pini mdomoni, simu ikalia. Ni muuguzi wa kliniki.

"Mama Mercy? Matokeo ya mzee yamefika."

Nikatoa pini. Nikamwambia mzee hayupo tena. Akasema anajua, lakini daktari anauliza kama ningependa kuyasikia.

Nilikuwa nimesahau. Mwezi Februari, Ezekiel akiwa hoi, daktari aliomba ruhusa ya kupeleka nje ya nchi vipande viwili vya uvimbe kwa kipimo kipana zaidi: kile cha Septemba walichokuwa wamekihifadhi, na kingine kilichotolewa wakati huo. Tuliweka sahihi. Yeye nilimshikia karatasi isiteleze. Kisha mambo mengine yakatujia, nikasahau kwamba kuna vipande vya mume wangu ambavyo bado vilikuwa safarini.

Sikutaka kwenda. Mtu amezikwa, majani yameota juu ya kaburi, matokeo ya nini? Lakini lilikuwepo swali moja ambalo sijawahi kumuuliza mtu yeyote mwenye elimu ya kulijibu. Nilikuwa nimejijibu mwenyewe.

Asubuhi hii nikaenda.

Daktari aliniketisha, akageuza karatasi upande mweupe, akachora duara. "Hii ni seli ya uvimbe," akasema. Akachora swichi pembeni. "Hii ndiyo ile tuliyoiona mwanzoni. Vidonge viliifikia na vikaizima. Vile vipele vilikuwa vinatuambia kwamba dawa imo mwilini. Dawa haikuwa bandia, wala haikupotea njia."

Kisha akachora mstari mwingine upande wa pili wa duara. Akasema uvimbe wa Ezekiel ulikuwa na jeni nyingine iliyojirudia nakala nyingi kupita kiasi, nayo ilikuwa inaileta ile amri ya kukua kwa njia yake yenyewe. Ukiizima swichi ya kwanza, amri inaendelea kuingia kwa njia ya pili.

Nikamtazama. "Daktari, hiyo ni sambaza."

Akacheka, akaweka kalamu chini. "Nieleze."

Nikamweleza, ingawa nadhani alijua. Kwenye mitaa yetu watu wa stima wanakuja asubuhi, wanakata waya kwenye mita, wanaondoka wakijua wamekuacha gizani. Jioni taa zako zinawaka kama kawaida, kwa sababu kuna waya mwingine uliovutwa kimya kimya kutoka nguzo ya nyuma. Aliyekata alikata kweli. Ila alikata waya aliouona.

"Ndivyo hasa," akasema. "Nitawaelezea wagonjwa wangu hivyo kuanzia leo."

Hapo nikalitoa swali langu. Nikamwambia kuhusu mfungo. Nikamuuliza kama siku tatu bila kidonge zinaweza kuvuta huo waya wa pili.

Alichukua karatasi mbili akazilaza mezani mbele yangu. Moja ya kipande cha Februari, moja ya kipande cha Septemba. Akaweka kidole kwenye ile ya Septemba.

"Kipande hiki tulikitoa kabla mzee hajameza hata kidonge kimoja. Waya wa pili umo humu tayari."

Kabla ya mfungo. Kabla ya pakiti ya kwanza. Kabla ya yale mahindi.

Nilimuuliza kwa nini basi hawakuuona. Hakujificha. Alisema kipimo cha mwanzo kiliangalia ile swichi moja inayojulikana zaidi, ndicho kilichopatikana kwa wakati huo, na swichi ilipoonekana kila mtu alifurahi, hata yeye. Alisema waya wa pili ni sababu mojawapo tu inayofanya dawa hizi zigome tangu siku ya kwanza. Kwa wengine swichi ipo lakini umbo lake ni tofauti kidogo, kidonge hakishiki, kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli lakini haugeuki. Kwa wengine uvimbe ni mchanganyiko: baadhi ya seli zina swichi na nyingine hazina, basi dawa inaua hizi na zile zinaendelea. Na kuna wengine, akasema, ambao mpaka leo hatujui kwa nini. Nilimpenda zaidi kwa hilo neno "hatujui" kuliko kwa yote aliyoyajua.

Nisieleweke vibaya na mtu aliye na mgonjwa nyumbani. Daktari aliniambia mara mbili: dawa haikatizwi, na mgonjwa akitaka kufunga aongee na kliniki kwanza. Siku zile tatu hazikuwa jambo zuri. Lakini hazikumuua Ezekiel. Uvimbe ule haukuwahi kukisikiliza kile kidonge, si kabla ya mfungo wala baada yake.

Mtu anaweza kuniuliza kama kujua hivi kunapunguza msiba. Hakupunguzi. Upande wake wa kitanda uko vile vile. Ila nilikuwa nimekaa miezi minne nikimchukia mtu, na kumchukia mtu kila siku ni kazi nzito. Leo nimeitua.

Sikurudi nyumbani kwanza. Nilijua nikirudi nitaanza kushona, na nikianza kushona nitaahirisha. Nilienda moja kwa moja hadi Mowlem. Mercy aliniambia juzi kwamba Kukhu anarudi Lugari Jumamosi, na safari hii harudi tena Nairobi. Amesema mji umemmaliza.

Wifi yangu Jane ndiye aliyenifungulia. Alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Aha. Leo umekuja kutuhesabia nini?"

Nilistahili. Nikamwambia nimekuja kuhesabiwa makosa mimi. Akasogea, nikaingia.

Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mabegi, akifunga sufuria kwa leso ili zisigongane. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Nikapiga magoti sakafuni, si kwa unyenyekevu tu, kwani viti vyote vilikuwa na mizigo.

Nikamweleza. Nilianza vibaya, nikataja jeni, nikaona uso wake umefungwa. Nikaanza upya na waya. Kukhu aliishi mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga miaka kumi na moja, Ezekiel akiwa mtoto na marehemu mume wake akitafuta vibarua kila asubuhi kwenye malango ya viwanda. Hakuna mtu anayehitaji kumfundisha sambaza.

Nilipofika kwenye kile kipande cha Septemba, mikono yake ikaacha leso.

"Kabla ya mfungo?"

"Kabla ya dawa yenyewe, Kukhu."

"Ulikuwepo huo waya?"

"Ulikuwepo."

Kisha akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Mukuru walikuwa wakikata asubuhi, sisi jioni tunapika na koili ya stima. Baba yake Ezekiel alikuwa anawaaga wale wakataji kwa mkono, 'Karibuni tena.'" Halafu machozi yakaanza kumtoka huku bado anacheka, akayaacha yatiririke.

Nikamwomba msamaha. Nilisema neno zima, sikulizungusha.

Hakunijibu la msamaha. Aliniambia kitu kingine, ambacho sikukitarajia kabisa, na ambacho nimekuwa nikikifikiria tangu nitoke kwake.

"Mimi nilimwambia ameze," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilimletea kikombe. Nikamwambia, 'Baba, chukua funda moja, Mungu hatakufuatia kwa funda moja la maji.' Akakataa. Akasema, 'Mama, kufunga ni kufunga.' Siku ya pili nikamletea tena. Akakataa."

Jane aliyekuwa mlangoni akasema, "Mama, hukuwahi kuniambia hilo."

"Ningelisema wapi? Mbele ya jeneza lake? Niseme kwamba mwenyewe ndiye aliyekataa dawa, watu waondoke wakimlaumu marehemu?" Akanigeukia. "Ulipolisema lile neno, niliona afadhali linikae mimi. Yeye alikuwa amechoka."



Nilikuwa nimemwita muuaji, na wakati huo huo alikuwa amesimama kati ya mwanawe na ulimi wangu.

Mercy ameniuliza jioni hii kama nitafuta lile andiko la Machi. Hapana. Nimeliacha, na juu yake nimeandika kwamba si kweli, na nimeelekeza watu huku. Walioyasoma yale wanapaswa kuyasoma na haya. Na ninyi mliomtukana Kukhu, mimi ndiye niliyewapa sababu, lakini sasa mmesikia.

Nimeshampigia mwalimu mkuu wa shule ninayoishonea. Sare zitachelewa siku nne. Amelalamika, kisha amekubali.

Kwa sababu Jumamosi naenda Lugari na Kukhu. Hakuniomba. Nilipokuwa nainuka kutoka pale sakafuni, nilimwambia kwamba neno nililisema nyumbani, mbele ya watu, na nyumbani ndiko nitakakolirudisha, mbele ya watu wale wale. Akaendelea kufunga sufuria zake. Nilidhani hakusikia. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita.

"Mama Mercy."

"Naam, Mama."

"Siku ile ulisema kwa sauti ndogo. Waliokuwa mbele wakasikia nusu, wakawaambia wa nyuma, wa nyuma wakawaambia waliokuwa wanapika. Lilipofika jikoni, mimi nilikuwa nimempa mwanangu sumu kwenye uji." Akaikaza leso kwa meno. "Safari hii paza sauti. Lifike jikoni lenyewe."

Nitapaza.